Kisanduku cha Majaribio

Siku hospitali kuu ilipoachana na makaratasi, ukumbi wa mapokezi ulijaa watu mpaka barazani. Mvua ilikuwa imeanza alfajiri, na kila aliyeingia aliingia na mwavuli unaochuruzika na manung'uniko yake mwenyewe. Nyuma ya dirisha namba tatu alipita karani wa masjala, msichana mrefu mwenye gauni la rangi ya haradali na sweta jeusi lililopauka viwikoni, amekumbatia rundo la mafaili lililomfika kidevuni. Kwa kuwa hakuweza kuona anapokanyaga, alikanyaga mkono wa mtu.

"Huo mkono bado una kazi," sauti ilisema kutoka chini ya kaunta.

Karani aliruka, nusu ya mafaili ikamwagika. Chini pale, katikati ya nyaya nyeusi na za kijani, alikuwa amelala chali kijana mwembamba, shati lake la samawati limejaa vumbi, tochi ndogo ameibana kwapani. Karani alimwomba radhi, akamuuliza kama ameumia.

"Vidole viwili tu. Vilivyobaki vinatosha."

"Kwa hiyo wewe ndiye fundi wa huo mfumo mpya. Wewe ndiye unayetufukuzisha kazi."

"Nawapunguzia kazi, dada."

"Kazi ikipungua mpaka ikaisha, inaitwaje?"

Kijana alicheka mpaka akajigonga kichwa. Alitoka akamsaidia kuokota, na wakiwa wamepiga magoti wote wawili, huku watu ng'ambo ya kioo wakigonga na kuuliza kama leo kuna huduma au hakuna, alimuuliza jina lake. Msichana alisema jina lake halitolewi bila kibali cha mkuu wa idara. Basi kijana akasema atamwita Bi Faili, naye akajibiwa kwamba yeye ni Waya na atabaki Waya. Majina hayo yaliwaganda. Mwezi ulipoisha hata wauguzi waliwaita hivyo, na sisi tuwaache nayo.

Mapenzi yao yalikulia kantini, kwenye meza iliyo karibu na sinki, ambayo watu waliikimbia kwa sababu ya maji yanayoruka. Hapo ndipo Waya alipomweleza kazi yake, kwa furaha ile ambayo vijana wengine huiweka kwenye mpira. Fomu ni ileile kwa wote, alisema, lakini njia inayopita hutegemea nani ameijaza. Mgonjwa au ndugu yake ni ngazi ya kwanza: ombi lake hukaa kwenye foleni ya mapokezi na kujibiwa ndani ya siku kumi na nne. Karani au muuguzi ni ngazi ya pili: ombi lake likiwa la dharura, hutua chumba cha upasuaji saa ileile. Daktari ni ngazi ya tatu, huyo huidhinisha tu.

"Na wewe?" aliuliza Bi Faili.

"Ya nne. Ya mjaribu. Nikijaza fomu haiendi kwa mtu, inaingia kwenye kisanduku changu cha majaribio. Isingekuwa hivyo, kila nikijaribu fomu ya upasuaji wangenoa visu bure."

Wiki iliyofuata Waya alimpandisha Bi Faili ngazi ya nne, bila kumtajia namba. Alimwambia wengine hupeleka maua, yeye ana hiki tu: tangu leo, utakachoandika kwenye fomu ya maoni kitanifikia mimi peke yangu, hata wakubwa hawatakiona. Bi Faili aliona haya, akamwambia aache ujinga, kisha mchana uleule akajaza fomu. Aina ya ombi: kusindikizwa nyumbani. Kiwango cha haraka: dharura. Sababu: mvua, na mwavuli wangu umevunjika mbavu. Kule ghorofa ya pili Waya aliisoma, akachukua mwavuli wa bosi wake bila kuomba.

Kitu kimoja hakumwambia, na si kwa ubaya, hakikumjia tu akilini. Mfumo ule haukuangalia fomu ni ya nini. Uliangalia aliyejaza ni nani, basi. Bi Faili alidhani ni fomu ya maoni peke yake inayokwenda kwa Waya. Kumbe kila fomu atakayojaza, ya mzaha au ya kweli, ingeishia kwenye kisanduku kilekile. Miezi minne hakuna aliyegundua, kwa sababu masjala haiombi kitu. Masjala huombwa.

Baba yake Bi Faili alikuwa fundi saa. Waliishi wawili, vyumba viwili juu ya duka la vitambaa, mama akiwa amefariki miaka mingi. Jicho la kushoto la mzee lilitobolewa na springi ya saa ya ukutani siku alizokuwa akijifunza kazi. Kwa jicho la kulia, na lenzi nyeusi aliyoibana kwa nyusi, alikuwa amemlea binti yake, amemsomesha, na kuzirekebisha saa za mtaa mzima. Mara ya kwanza Waya alipopanda zile ngazi za mbao alikuwa amevaa shati jipya lenye mikunjo ya dukani, na mkononi ameshika saa ya marehemu baba yake, iliyosimama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nani aliifungua hii kabla yangu?"

"Mimi, mzee."

"Nilijua. Waya abaki na waya."

Aliifungua hapohapo. Sehemu zake alizipanga kwenye kisosi cheupe, skrubu ndogo kuliko zote akaifunga kwenye karatasi ya bluu, akafunika vyote kwa glasi, akasema arudi baada ya wiki mbili kwa sababu springi inatafutwa. Waya alirudi kabla ya hapo, akarudi tena, na kila akija mzee alimkaribisha kwa kumwambia saa bado, kana kwamba ni saa iliyomleta. Siku moja Waya alimpigia Bi Faili simu akiwa kazini, sauti ya mtu wa maana.

"Naulizia fomu. Nikija kumwona mzee, pale kwenye uhusiano na mgonjwa niandike nini?"

"Baba si mgonjwa. Andika mgeni."

"Nimekunywa chai mara sita, bado mgeni?"

"Basi andika mkwe mtarajiwa. Lakini kwa penseli."

"Kompyuta haina penseli, mpenzi."

"Ndiyo ujue umejifunga mwenyewe."

Ningependa niwaache hapo, yeye na simu yake sikioni, anatabasamu peke yake mbele ya skrini. Lakini Alhamisi ya mwezi wa tano wa mapenzi yao, karatasi moja ilichapishwa masjala na ikaangukia meza ya Bi Faili kama nyingine zote. Mtumishi mmoja, kwa fomu aliyojaziwa na ofisi ya utumishi, aliomba nakala ya faili lake la kazi, lipelekwe hospitali nyingine, mji mwingine, kwa ajili ya ajira mpya. Alisoma jina mara mbili. Lilikuwa la Waya, lile la kwenye kitambulisho, ambalo alikuwa hajalitamka hata siku moja.

Alimpigia. Waya alijibu kwa uchangamfu, uchangamfu ukamwisha.

"Ungeniambia lini?"

"Nikishapata uhakika. Jumapili naenda kwenye usaili, wiki nzima. Sikutaka nikupe tumaini la bure."

"Mtu asiye na uhakika haombi faili."

"Sasa unanichunguza?"

"Limekuja lenyewe mezani. Mfumo wako ndio uliolileta. Umenifungulia kila mlango, Waya, ila huu mmoja."

Waya aliona anashitakiwa kwa jambo ambalo nia yake ilikuwa njema, na mtu wa namna hiyo huwa hasikii. Alisema maneno mawili matatu kuhusu wanawake wanaotaka kushika kamba ya mtu, akakata simu. Jumapili alipanda basi bila kumuaga. Njiani alijiapiza kwamba hatafungua kisanduku mpaka Bi Faili aombe radhi kwa mdomo wake, na Bi Faili, upande wake, aliapa kwamba hatajaza fomu nyingine ya mzaha maisha yake yote. Kiapo chake alikitimiza.

Jumatatu asubuhi fundi saa aliamka akamwambia binti yake kwamba kuna pazia jeusi linashuka kutoka juu ya jicho. Alilisema kwa utulivu, kama anayesema bomba linavuja. Bi Faili alimwahisha hospitalini. Bahati ilikuwa siku ya daktari wa macho, ambaye alikuja Jumatatu na Ijumaa tu na hakuwa na akaunti katika mfumo. Daktari aliangalia kwa dakika moja, akaandika kwenye kikaratasi: utando wa ndani umebanduka, upasuaji leo au kesho. Alisema pazia likifika katikati ya jicho, hata akilirudisha mahali pake, mwanga hautarudi kama ulivyokuwa. Angekuja usiku, angekuja alfajiri, wampigie tu chumba kikiwa tayari.

Karani wa kliniki ya macho alinyoosha mkono apokee kikaratasi, ajaze fomu. Mbele yake kulikuwa na watu kumi na wawili.

"Acha, dada," alisema Bi Faili. "Nitaijaza mwenyewe, nina ruhusa."

Alikimbia masjala, akajaza bila kuvua koti lenye maji. Kiwango cha haraka: dharura. Uhusiano na mgonjwa: binti. Skrini ilimjibu kwamba ombi lake limepokelewa, tafadhali asijaze tena. Akashusha pumzi. Alimketisha baba yake kwenye benchi la ukumbini, wakasubiri kuitwa mpaka taa za ukumbi zikazimwa upande mmoja.

Jumanne walisubiri. Mzee alimwambia pazia limefika nusu. Jumatano Bi Faili alipanda mpaka chumba cha upasuaji na kikaratasi mkononi. Mapokezi ya pale yalikuwa chini ya Sista, mama mnene aliyevaa miwani kwa mnyororo, mtu wa haki kuliko wengi. Alitafuta jina kwenye skrini mara tatu. Halikuwepo. Kikaratasi alikataa, akamweleza kwa nini: mwezi uliopita alipokea kikaratasi cha mtu wa heshima mkononi, na mtoto wa mtu asiye na heshima akarudishwa nyumbani. Tangu hapo aliapa, kilichomo kwenye mfumo ndicho kilichomo.

"Jaza tena, mwanangu. Ikiingia tu nitaiona, siondoki hapa."

Alijaza tena. Ombi lake lilipokelewa. Sista hakuondoka, na hakuona kitu.

Mchana ule alimpigia Waya, ambaye ndiye mtu pekee duniani aliyeweza kujua fomu inapopotelea. Alipiga mara tatu. Waya alikuwa kwenye ukumbi wa mikutano wa hospitali ile nyingine, amevaa tai, na alipoona jina likiwaka aliigeuza simu kifudifudi. Baadaye ulikuja ujumbe wa neno moja: Nipigie. Aliusoma kwenye korido, akaona ni amri. Alijiambia mwache ajifunze kidogo, nami sitasema alikuwa mtu mbaya, ila hilo alilisema, na angetoa mkono wake wa kulia baadaye ili asiwe amelisema.

Ijumaa asubuhi daktari wa macho alikutana na Bi Faili kwenye ngazi. Alimuuliza kwa nini hakumleta baba yake.

Daktari alimpeleka mwenyewe chumba cha upasuaji, wakampasua mchana uleule. Utando ulirudi mahali pake, jicho halikurudi. Mzee alipofunguliwa bandeji aliweza kujua dirisha liko wapi na taa iko wapi, na zaidi ya hapo hapakuwa na kitu. Aliuliza ni saa ngapi. Binti yake alimwambia, akajibu kwamba kumbe siku hizi itabidi aambiwe.

Waya alipiga simu Ijumaa hiyo jioni, amejiandaa kusamehe. Alisikia kilichotokea, akapanda basi la kwanza la Jumamosi. Bi Faili alifungua mlango akiwa amejifunga kanga kiunoni juu ya lile gauni la haradali, macho yamevimba, na hakumuuliza lolote. Alimwangukia kifuani palepale kizingitini, akalia mpaka shati likaloa. Waya alimshika kichwa, akamwambia pole mpenzi, pole roho yangu, nisamehe sikushika simu. Alimwambia na la mji mwingine limekufa, amelikataa. Alimwahidi kwamba kesho ataingia kwenye mfumo na kuwatafuta waliopoteza ombi lile, mmoja mmoja, na hatalala mpaka awapate.

Aliwapata kwa muda mfupi sana. Jumapili, ofisini peke yake, alipekua foleni ya upasuaji, foleni ya mapokezi, foleni ya maombi yaliyokataliwa. Hakuna. Kisha, kwa mkono ambao tayari ulikuwa umeanza kujua, alifungua kisanduku cha majaribio. Kulikuwa na fomu arobaini na moja. Kusindikizwa, chai ya saa nne, busu moja la haraka, malalamiko dhidi ya fundi asiyechana nywele. Juu kabisa zilikuwa mbili, ya Jumatatu na ya Jumatano. Sababu: baba yangu anapoteza jicho lake la pekee, nawaomba.

Alikaa pale mpaka skrini ikajizima. Alifikiri kumpigia, akashika simu, akaiweka. Alijiambia atasema kesho, mzee akishapumzika. Kisanduku kile kilijisafisha chenyewe kila baada ya miezi sita, na zilikuwa zimebaki siku kumi na sita. Hakuna mtu mwingine aliyeweza kukifungua. Kusema au kunyamaza kulikuwa juu yake peke yake, na alijua kabisa kwamba akisema, mlango ule wa juu ya duka la vitambaa hautafunguliwa tena.

Jumatatu hakusema. Jumanne Sista alisimamishwa kazi mpaka uchunguzi umalizike, kwa kuwa ndiye aliyekataa kikaratasi, na Bi Faili alimweleza Waya kantini kwamba anamwona mama yule kila akifumba macho, na anaomba asirudi kazini kamwe. Waya alikoroga chai iliyokwishapoa. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, alikwenda kwao kila jioni. Alimsaidia mzee kujifunza hatua kutoka kitandani mpaka mlangoni, akafunga kamba ya kushikia kwenye ngazi. Hakuwahi kuwa mpenzi mwema kuliko siku hizo, na Bi Faili alimwambia hivyo, akiwa ameegemeza kichwa begani pake, kwamba msiba huu umemwonyesha mtu wake ni nani. Alimwambia pia kwamba akija kuposa, asilete maneno mengi, mzee ameshakubali.

Jumatano ya pili alimkuta mzee ameketi mezani, kisosi cheupe mbele yake, glasi ameiondoa. Springi ilikuwa imepatikana kabla ya lile pazia. Alimwambia Waya aketi, ampe mikono yake.

"Vidole vyangu vinakumbuka, ila haviwezi kuchagua. Niambie gurudumu lenye meno machache liko wapi."

Waya alimwelekeza. Mzee alilishika kwa kibano, likaruka, wakalitafuta sakafuni, Waya kwa macho na mzee kwa viganja. Walipolipata mzee alilirudisha kwenye kisosi, akafunika kwa glasi bila kuona, na hakujaribu tena.

"Wewe ndiye unayeijua ile mashine," alisema. "Nitafutie aliyeipoteza fomu ya binti yangu. Sitaki afukuzwe. Nataka nimjue tu, maana mtu akikudhuru bila kumjua, unamdhania kila anayekupa mkono."

Waya alisema atamtafuta. Kisha alishuka ngazi haraka, akarudi ofisini usiku ule, akazichapa zile fomu mbili.

Kesho yake, Alhamisi, saa ya chakula, aliteremka masjala. Ni chumba cha chini kisicho na dirisha, rafu mpaka darini, harufu ya karatasi zilizopata unyevu. Bi Faili alikuwa amekaa kwenye kigoda akila kwa kijiko kutoka kwenye kopo, akamsogezea nafasi. Waya hakukaa. Aliweka mbele yake karatasi mbili alizozichapa, na alimweleza yote kwa maneno machache: ngazi ya nne, kisanduku, kwamba mfumo uliangalia jina lake tu. Kwamba Sista hakuziona kwa sababu hazikumfikia.

Bi Faili alizisoma zote mbili kana kwamba ziliandikwa na mtu mwingine.

"Ulinipandisha ili niwe karibu na wewe," alisema.

"Ndiyo."

"Ningebaki ngazi ya pili, baba angepasuliwa Jumatatu."

"Ndiyo."

Alifunika kopo lake. Alilifunika taratibu, akabana kila upande. Waya alianza kusema kwamba hakujua, kwamba kwa Mungu hakujua, naye akamkatiza.

"Umezipata lini?"

Hapo ndipo angeweza kudanganya, na aliona uongo uko karibu, mwepisi, neno moja tu.

"Jumapili ile ya kwanza."

"Leo Alhamisi."

"Siku kumi na moja."

"Nimelala begani kwako. Nimemlaani yule mama mbele yako, ukakoroga chai." Sauti yake haikupanda. "Zile siku tano ningekusamehe, Waya. Ningelia mwaka mzima, lakini ningekusamehe, hukuzijua. Hizi kumi na moja ulikuwa unazihesabu."

Waya alisema aliogopa kumpoteza. Alisema lile jambo ambalo kila mtu wa namna hiyo hulisema, kwamba alinyamaza kwa sababu anampenda, na huenda lilikuwa kweli. Bi Faili alivuta kiti mpaka kwenye kompyuta, akaingia kwa jina lake, akampisha.

"Nirudishe nilikokuwa."

Waya alimrudisha ngazi ya pili, Bi Faili amesimama nyuma yake. Ilikuwa kubonyeza mara tatu tu. Alipomaliza Bi Faili alimwomba, kwa heshima, apande juu kwa mganga mkuu na zile karatasi mbili kabla Sista hajaitwa mbele ya kamati, na Waya alisema huko ndiko anakokwenda. Alikuwa amekwisha kuandika maelezo yake. Mlangoni aligeuka, akamwona amechukua faili moja kutoka kwenye rafu na kulishika mapajani bila kulifungua.

Sista alirudishwa kazini kabla ya wiki kwisha. Waya alifukuzwa, na alikuta ni nafuu. Bi Faili alikwenda chumba cha upasuaji kumwomba radhi yule mama, wakakaa pamoja nyuma ya pazia la mapokezi muda mrefu, na walichoambiana hakikutoka pale.

Miezi miwili baadaye Waya alihitaji nakala ya faili lake la kazi. Safari hii alikuwa mtu wa nje, ngazi ya kwanza. Alijaza fomu kwenye simu, akaambiwa atajibiwa ndani ya siku kumi na nne, na siku ya kumi na tatu akaitwa. Mvua ilikuwa ikinyesha. Ukumbi ulijaa mpaka barazani, akasimama kwenye foleni na namba yake mkononi, shati la samawati limempwaya, mpaka akafika dirisha namba tatu.

Alikuwa yeye, na sweta lilelile, viwiko vimeshonwa upya kwa uzi mweusi. Waliomjua Waya kati ya makarani waliinamisha macho. Bi Faili alimpa faili, akamwonyesha pa kutia sahihi. Kisha alitoa bahasha ndogo kutoka kwenye droo, imefungwa kwa gundi na kuandikwa jina lake, lile la kwenye kitambulisho.

"Baba amesema umpelekee fundi mwingine. Springi imo. Skrubu ndogo usiipoteze, iko kwenye karatasi ya bluu."

Waya aliipokea. Ndani yake vipande viligongana kidogo.

"Alisema lolote jingine?"

"Nilimweleza ni nani. Alisema ahsante kwa kumtafuta."

Watu nyuma walikuwa wakianza kusukumana. Waya alishika ukingo wa kaunta, palepale alipowahi kulala chini yake.

"Anaendeleaje?"

Bi Faili alimtazama, kwa mara ya kwanza tangu afike dirishani, na uso wake ulilegea kwa muda ambao mtu angeweza kuvuta pumzi moja. Kisha aliweka vidole kwenye kibodi, akafungua fomu ya kuulizia hali ya mgonjwa, akauliza kwa sauti ileile aliyowauliza watu wote tangu asubuhi.

"Uhusiano na mgonjwa?"

Mwanamke mwenye mwavuli nyuma yake alikohoa.

"Hakuna," alisema Waya.

Bi Faili aliliandika, herufi kwa herufi. Akasema basi taarifa za mgonjwa hawatoi kwa asiye ndugu, na akaita namba inayofuata. Waya alisogea pembeni, akaiweka bahasha kwenye mfuko wa shati na kuishika kwa kiganja ili isigongegonge, akatoka nje kwenye mvua.